Risala ya Wazazi wa Kinyangiri Kuhusu Mashimo ya Uani
(Imesomwa mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, Oktoba 1954)

Mgeni rasmi, Bwana Shauri,

Darasa letu lilianza bila ubao, bila meza, bila taa ya kutosha, bila mwalimu aliyetoka chuoni. Lilianza pia bila mama hata mmoja, na huo hatukuuona kuwa upungufu.

KARIBU

Tunakupokea kwa heshima. Njia tumeifagia, lakini tunakuomba usikipime kijiji kwa njia iliyofagiwa.

HISTORIA

Darasa la Wazazi lilianzishwa miaka miwili iliyopita na mzee Antipasi, ambaye ndiye anayekusomea. Alijifunza kusoma katika shule ya usiku alipokuwa kibarua mgodini Sekenke, na kitabu chake cha habari za mbu amekisoma mara saba. Alitufundisha sisi akina baba, kwa Kiswahili, kwamba mbu huzaliana katika maji yaliyotuama, na kwamba mbu ndiye aletaye homa.

TULIYOFANYA

Mashimo tulimochimba udongo wa kuezekea tembe, nyumba zetu za paa bapa, yale ya mbele ya nyumba, tumeyafukia yote arobaini na moja.

TULIPOKOSEA

Nyuma ya nyumba hatukufika. Kwa desturi yetu baba mkwe hapiti uani kwa mke wa mwanawe, wala hazungumzi naye sana. Dorika, mke wa mwana wa mzee Antipasi, alikuwa na shimo huko. Alikinga maji ya mvua ya kukandia udongo wa kuta, maana kisima kiko mbali. Mzee alimwambia mwanawe, "Mkeo alifukie." Mwana akamwambia mkewe, "Baba hataki shimo." Sababu hakuitaja. Dorika akadhani ni ukali wa mkwe tu, akalifunika kwa miiba ili ndama wasitumbukie.

Mwezi wa Machi mtoto wao Damari, wa miaka mitatu, alishikwa na homa. Tulimbeba kwenda zahanati. Hatukufika naye akiwa hai.

Msibani jirani yao, Selina, alisema kwa Kinyiramba, "Shikamoo mzee. Darasa lako linaitwa la wazazi. Sisi hawa watoto tuliwaokota?"

Mzee akajibu kwamba akina mama hawajui Kiswahili cha kitabu.

"Na mbu anakijua?"

Ndipo Dorika akamsemesha mkwewe mbele za watu kwa mara ya kwanza: "Baba, ungenieleza, ningelifukia kwa mikono yangu."

 

OMBI

Mvua zi karibu, na uani bado kuna mashimo ishirini na sita. Tumeanza kuwaeleza akina mama wenyewe, lakini wakitaka kuuliza habari za watoto wachanga mbele ya wakwe zao, huinamisha vichwa wakanyamaza. Tunaomba mwuguzi mwanamke ajuaye Kinyiramba, awafundishe huko huko uani, kabla ya mvua.

Mungu akulinde njiani, wewe na dereva wako, na watoto wako waamke wazima kila asubuhi.

Barua ya ombi hili, kwa Bwana Daktari huko Kiomboi, imeandikwa na katibu wetu Manase. Alama ya kidole cha Dorika iko juu ya majina yetu sote. Sasa Manase anaitia lakiri, nta ya muhuri iliyoyeyushwa motoni, mbele yako. Tunakuomba uipokee lakiri ingali ya moto, iondoke leo na gari lako.

Ni sisi,
Darasa la Wazazi, Kinyangiri