Mama Mnyororo na Treni Isiyo na Injini

Marehemu dada yetu, ambaye uwanja mzima wa burudani ulimwita Mama Mnyororo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, nyumba ya pili kutoka kituo cha reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa fundi cherehani na karani wa posta. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, kitinda mimba, na baadhi ya haya yananihusu kwa aibu.

Akiwa na miaka tisa, mwanafunzi wa shule ya msingi, aliifungua cherehani ya mama na kuirudisha yote, ikabaki skrubu moja. Cherehani ilishona vizuri tu, lakini alimzuia mama kuigusa kwa siku mbili, hadi alipoona skrubu inapokaa. "Ikibaki, maana yake sijamaliza," alisema. Mwaka 1984 alihitimu umekanika katika chuo cha ufundi, msichana pekee darasani, na wa kwanza katika mtihani.

Tarehe 5 Juni 1986 aliajiriwa kutunza rola kosta, ile treni ya burudani inayopanda mlima wa vyuma na kuporomoka. Mezani alitueleza kwa kijiko na ukingo wa sahani: mnyororo huivuta treni hadi kilele cha kwanza, kisha huiachia, na kutoka hapo inakwenda kwa uzito wake yenyewe. Kila kilima kinachofuata ni kifupi kuliko cha kwanza, kwa kuwa upepo na msuguano wa reli huila nguvu yake njiani. Ile "ka, ka, ka" ya kupandia ni jino la chuma linalozuia treni isirudi nyuma mnyororo ukikatika. "Mnaogopa sauti inayowalinda," alikuwa akisema. Kila asubuhi alikagua boliti, kisha akapanda peke yake, kiti cha mbele, kabla ya mteja yeyote. Sikukuu moja alikosa kusikia "ka" moja, akaifunga treni huku foleni imefika getini. Meneja alifoka sana. Jino lilikutwa na ufa.

Mkata tiketi, ambaye sasa ni shemeji yetu, alimposa humo humo, treni ikivutwa juu, maana alijua wakati wa kushuka hatasikika. Marehemu akamwambia, "Nyamaza kwanza, nasikiliza mnyororo." Jibu alilipata chini, treni iliposimama. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1989, wakajaliwa binti mmoja.

Mimi sikuwahi kupanda. Kila aliponialika, tumbo liliniuma. "Tumbo lako lina kalenda," alinitania. Mwaka 2011, kwa kuona haya mbele ya wanangu, niliwadanganya kwamba nilipanda treni siku shangazi yao alipokuwa likizo, nikawasimulia na jinsi injini ilivyonguruma wakati wa kushuka.

Agosti 2022 moyo wake ulianza kudhoofika, na daktari akamkataza kupanda. Alistaafu mwaka uliofuata. Mwezi uliopita, nikiwa kando ya kitanda chake wodini, aliniambia, "Mdogo wangu, haina injini."

Nikajifanya sijaelewa.

"Wanao waliniuliza injini iko wapi. Nikawaambia imefunikwa."

Alinisitiri miaka yote hiyo, yeye ambaye hakuwahi kusema uongo hata kuhusu boliti. Kisha akasema, "Siku ukipanda, sikiliza pale juu, mnyororo unapoachia. Pananyamaza kidogo. Hapo ndipo utaijua kazi yangu." Nikamwahidi. Alifariki tarehe 3 Februari 2024, saa tano asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Jana mafundi wenzake walinifunga mkanda kwenye kiti chake cha mbele. Nililia tangu "ka" ya kwanza, wala sioni haya kusema. Kule juu pakanyamaza, kama alivyosema. Baada ya hapo nilipiga kelele mpaka chini.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, wadogo zake wawili, na mafundi aliowafundisha kusikiliza. Alale kwa amani.

Dada, ni kweli. Haina injini.