Mama Umwali Aziweka Chini Herufi za Risasi

Mama Mukandoli, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Umwali kwa jina la bintiye, amestaafu rasmi tarehe 31 Julai 2025, baada ya kuendesha duka lake la uchapaji hapa South End, Louisville, kwa miaka kumi na minne. Kwa kuwa alijiajiri mwenyewe, ombi la kustaafu alilipeleka kwake mwenyewe. Alilikataa mara kadhaa. Mwaka huu, baada ya daktari kumweleza habari za bega lake la kulia, alilipokea tena na kusema atalifikiria.

Sababu ya kulikataa tuliijua wote. Mama Umwali hakuogopa kukaa bure. Aliogopa kwamba siku atakayoondoka mashine yake itanyamaza, au itaangukia kwa mtu atakayechapa kila lugha isipokuwa Kiswahili. Alisema hataondoka mpaka aione mikono ya kuiendesha. Mwandishi wa wasifu huu, Milcah, Mkenya aliyekuja kusoma na ambaye amefanya naye kazi kila Jumamosi kwa miaka minane, alimsikia akisema hivyo mara nyingi, na kila mara alikumbuka ghafla kwamba ana jambo la kufanya upande wa pili wa chumba.

Kwa ambao hawajawahi kuingia dukani: mashine yenyewe ni ya chuma kitupu, na inaendeshwa kwa kukanyagwa, kama cherehani. Kila herufi ni kipande kidogo cha risasi, yaani yale madini mazito ya kijivu. Unaziokota moja moja kutoka kwenye kasha, unazipanga zikiwa zimepinduka, unazipaka wino, kisha unakanyaga. Kadi ambayo kompyuta ingeitoa kabla hujamaliza kukohoa, Mama Umwali aliitoa kesho yake. Bwana harusi mmoja alipolalamika kuhusu hilo, alijibiwa kwa Kiswahili cha Kongo, bila kuinuliwa macho: "Bon, na ndoa yako unataka ikuwe ya dakika moja?"

Kazi hii aliianza akiwa msichana huko Uvira, Kivu Kusini, mashariki ya Kongo, katika chumba cha uchapaji cha misheni, akipanga herufi za vitabu vya nyimbo. Miaka iliyofuata yeye huieleza kwa neno moja, "tukakimbia", halafu huendelea kuzungumzia karatasi. Alifika Louisville mwaka 2007 na kuajiriwa kufunga mizigo katika ghala moja huko Jeffersontown. Mwaka 2011, akiwa kwenye mapumziko yake, alipita mbele ya nyumba ambako familia ilikuwa inauza vitu vya babu yao aliyefariki. Chini ya vikapu vya nguo aliiona mashine. Wauzaji hawakujua ni ya nini, na mmoja wao alidhani ni ya kunyooshea shuka. Ilibebwa na wanaume wanne wa kanisa letu. Wawili kati yao bado wanalitaja jambo hilo katika kila kikao, hata kikao kikihusu rangi ya mapazia.

Herufi zilikuja kando, ndani ya masanduku. Mama Umwali, kwa kuwahurumia watakaoyabeba, aliyaandika kwa kalamu nene, RISASI, NZITO, akayapanga kwenye veranda ya nyumba yake.

Wasomaji wa Kiswahili wameshaona tatizo. Madini yale na kile kinachotoka kwenye mdomo wa bunduki vina jina moja. Na majengo ya kupanga alimokuwa akiishi yalikaliwa karibu yote na watu waliotoka milima ileile ya Kivu Kusini, ambao hawakuvuka bahari ili waje kuishi jirani na masanduku ya risasi. Kabla ya jua kuzama, Mchungaji Rwema alikuwa mlangoni pamoja na wazee watatu. Jirani wa juu alikuwa ameshaanza kukunja nguo za watoto. Mama Umwali hakucheka. Alifungua sanduku, akampa kila mmoja herufi moja mkononi, akasema: "Hii risasi ni ya kuandika. Ile ingine tuliiachaka kule." Yule jirani aliketi kwenye ngazi akalia, kisha akapanda kurudisha nguo kabatini. Mchungaji alipewa R. Hadi leo iko kwenye mfuko wa koti lake, na kila akiulizwa anasema alisahau kuirudisha.

Duka alilifungua mwaka uleule. Aliliita Herufi, jina lisilo na k hata moja, na hilo halikuwa bahati. Makasha ya herufi ya nchi hii yalijazwa na watu waliokuwa wakiandika Kiingereza. Yana e nyingi kupita kiasi. Mama Umwali alikuwa nazo za kutosha kuandika mlio wa mbuzi kutoka hapa hadi Ohio. Lakini k zilikuwa chache, na Kiswahili hakiwezi hata kumkaribisha mtu bila k. Kadi ya harusi ilikuwa inaishiwa kabla ya kufika jina la bibi harusi.

Basi wateja wake walizoea kupigiwa simu. Aliwaomba wabadilishe maneno. "Kukaribishwa" kulikatazwa kabisa. Bwana harusi mmoja, Mkenya aitwaye Kiplagat, alishauriwa kwa upole atumie jina la ubatizo, akaoa akiwa Trevor. Mama Umwali alitembea minada ya vitu vya kale hadi Columbus akitafuta k za kuongezea, na alipozipata alizinunua zote, hata zilizochubuka. Ndiyo maana mitaani wengine wanamwita Mama K.

Uhaba huo ndio uliozaa kosa lake kubwa kuliko yote, na hatuwezi kumuaga bila kulisimulia. Ilikuwa harusi ya Cyubahiro na Ange, na ugeni mzima ulikuwa unakuja kutoka Buffalo. Ratiba iliyoletwa ilisema: "Saa tisa: kupokea wageni kutoka Buffalo." Mama Umwali alihesabu k zake, akaona "kupokea" ni anasa, akaweka "kuna". Saa tisa kuna wageni kutoka Buffalo. Maana haikupotea na k moja ilipona. Ila herufi n ya risasi, ukiipindua, ni u. Na n ile ilipinduka.

Hivyo watu wote walipewa karatasi nzuri sana, ya rangi ya maziwa, inayotangaza: "Saa tisa: kuua wageni kutoka Buffalo." Tukumbuke kwamba tangazo hili lilitoka kwa mwanamke aliyejulikana jijini kwa masanduku yake ya risasi.

Mzee Ngarambe, kiongozi wa wageni, aliisoma akiwa mlangoni mwa ukumbi. Aliwasimamisha watu wake, akavua kofia, akauliza kwa adabu: "Pardon. Mutatuua mbele ya chakula ao nyuma?" Mama Umwali, aliyekuwa ameliona kosa sekunde ileile, alimjibu: "Nyuma. Chakula ilishapikwa." Wageni waliingia wakala vizuri. Karatasi ile sasa iko ndani ya fremu katika sebule zisizopungua tatu za Lower West Side, mtaa wa wageni wale, na tumeambiwa watoto wa Buffalo hujifunzia kusoma hapo.

Kuanzia hapo yalizaliwa mazoea ambayo hakuyavunja tena. Hakuna kazi iliyochapwa kabla yeye hajaisoma herufi kwa herufi, kwa kidole, na kusema "sawa". Bila "sawa" yake mguu wa mtu haukugusa mashine. Macho yake yalizoea kusoma maandishi yaliyopinduka hivi kwamba, katika ofisi yoyote ya jiji hili, alikuwa anasoma karatasi ya karani kutoka upande wa pili wa meza na kujibu swali ambalo halijaulizwa. Makarani hawakupenda.

Tusimfanye kuwa mchapaji wa harusi tu. Alikuwa msanii, na neno hilo alilikataa mpaka lilipoandikwa kwenye beji yake katika maonyesho ya sanaa ya Columbus. Kule aliuza mabango ya neno moja, yaliyochapwa kwa herufi kubwa za mbao: BADO. HAYA. POLE. Mmarekani mmoja alinunua POLE kwa ajili ya kibanda chake cha uvuvi, kwa kuwa kwa Kiingereza ndilo jina la ufito wa ndoano. Mama Umwali alimwachia. Mwandishi alipomweleza mtu huyo maana yetu, alifikiri kidogo, kisha akanunua la pili, la mke wake.

Turudi kwenye mashine, kwa sababu mwaka huu ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Umwali, anayeishi Buffalo, amepata mtoto wa tatu, na amekuwa akimwomba mama yake ahamie kwake. Mama huomba kwa Kiswahili apewe muda, binti hujibu kwa Kiingereza kwamba muda umeisha. Bega nalo likawa upande wa binti.

Wa kwanza kuitaka mashine alikuwa mwenye mgahawa hapa mjini. Aliipenda mno. Alitaka kuiweka dirishani na kupanga maua juu yake. Mama Umwali alimshukuru na kumsindikiza hadi kwenye gari, jambo ambalo huwa halifanyi kwa watu anaowapenda.

Wa pili alikuwa Rudasingwa wa Columbus, anayechapa fulana, mtu wa kwetu na mchapakazi. Huyu alikuja na lori. Aliizunguka mashine, akaikanyaga, akatabasamu, na Mama Umwali akaanza kuchemsha chai, na hiyo ni dalili nzuri. Halafu Rudasingwa akatazama yale makasha ya k na kusema hayo anaweza kuyaacha, kwa sababu kazi zake zote ni za mikahawa ya Kiingereza. Hakuna aliyegomba. Mama Umwali alimmiminia chai, akamwambia anywe ingali moto, njia ya Columbus ni ndefu. Lori liliondoka tupu.

Baada ya hapo tulibaki wawili, mimi na yeye, na birika lenye chai ya watu watatu. Naona nimeacha kusema "mwandishi". Basi. Kwa miaka minane sikuwahi kujitolea, kwa sababu nina kazi ya ofisini yenye kiti kizuri, na kwa sababu niliogopa kwamba atanikatalia. Yeye hakuwahi kuniomba, kwa sababu aliogopa kwamba sitamkatalia ila nitafanya kwa kumhurumia. Hilo nililijua siku ile tu, maana alinitazama akasema: "Bon, Milcah. Na wewe je?" Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri mpaka kikombe kikaisha, nikamwambia ndiyo, na kwamba si huruma. Alijibu kwamba sijui kuosha rola za wino vizuri. Kisha akanishika mkono akauweka juu ya gurudumu la mashine, akauacha pale, na mkono wake juu ya wangu, muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji.

Niseme wazi, kwa sababu yeye hatasema: nampenda mama huyu, na Jumamosi zangu zitakuwa kubwa mno bila yeye.

Tunamshukuru kwa kila kadi, kila ratiba ya mazishi aliyoikatalia malipo, kila jina la mtoto wetu aliloliandika sawasawa katika nchi isiyojua kulitamka. Tunamshukuru kwa kuifanya lugha yetu ionekane jambo la kuchapwa kwenye karatasi nzuri.

Karatasi unayoisoma ilipangwa wiki hii, ila aya hizi za mwisho niliziongeza baadaye. Alhamisi, siku yake ya mwisho kazini, nilimletea herufi zikiwa zimefungwa tayari ili azisome. Alirudi nyuma hatua chache. Alisema macho yake yamechoka, akachukua mkoba, akatoka nje bila kusoma hata mstari. Nilisimama na mguu hewani. Kisha nikakanyaga.

Kupitia dirisha nilimwona kwenye eneo la kuegesha magari, ameipa mashine mgongo, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Umwali, aliyekuwa amekuja kutoka Buffalo kumchukua, alishusha kioo cha gari na kumwita. Nilisikia jibu: "Ngoja kwanza. Niko nangojea basi." Mtaa ule haupitiwi na basi. Alisimama pale akilingojea mpaka karatasi ya mwisho ilipotoka.

Ishi salama na wajukuu, Mama Umwali. Mungu akupe bega jipya na miaka mingi ya kulitumia vibaya. Sawa.