Chaki Chini ya Soli

Benchi lile halikosi wenyewe. Limeegemea kibanda cha fundi viatu, na kila asubuhi, birika la kahawa likishapata moto, kesi za dunia nzima huamuliwa pale. Leo kesi ilikuwa ya fundi mwenyewe. Profesa alikuwa amemaliza kumsomea barua ya shule, maana fundi alisahau miwani nyumbani, kama kawaida yake. Binti yake wa darasa la tatu hatulii, na kusoma kumemshinda. Baba atie saini leo, mtoto arudishwe la kwanza.

— Uvivu tu! fundi alifoka, akigonga msumari. Kuchora atachora kutwa. Mpe kitabu, dakika mbili macho yameshahamia dirishani.

— Uvivu wapi! Profesa, karani wa zamani ambaye hakuna asilolijua, akadakia. Mwanao anatumia mkono wa kushoto. Herufi zinafika, zinakuta mlango umefungwa, zinarudi.

— Zinarudi wapi? fundi akauliza.

— Kitabuni! Ndiyo maana kitabu chake hakiishi.

Breki, dereva mstaafu, akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Muongo wewe! Yule anakimbia mno, akili imeshukia miguuni. Mvisheni mabuti mazito. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

— Hiyo ni ya safari, Breki, Profesa akapinga.

— Kwani kusoma si safari?

Fundi akaomba kalamu. Kabla hajaipata, akafika mama mmoja, mgeni mtaani, na kiatu kilichoachama. Fundi akakipokea, akachora samaki kwa chaki chini ya soli, akakiweka rafuni kati ya kiatu chenye jua na chenye ufunguo.

— Fundi, mbona huandiki jina langu?

Miaka ishirini wamekaa hapo, na hakuna aliyewahi kuuliza. Profesa akachungulia birika. Halikuwa na kitu.

Fundi alitazama ile rafu. Viatu thelathini, na hakijapata kupotea hata kimoja. Akakumbuka herufi zilivyokuwa zikimchenga utotoni, na fimbo za kuitwa mvivu. Aliona aibu, kisha akamwonea huruma mwanawe, na huruma ikashinda. Akavua aproni.

— Breki, nishikie kibanda. Naenda shule. Mwanangu si mvivu. Wanieleze watamfundishaje, si watamkalisha darasa gani.

— Pitia nyumbani uchukue miwani! Profesa akamwitia.

— Miwani sina, Profesa. Sijawahi kuwa nayo.