Neno Lililojaa Lenzi ya Fundi Saa

Wapendwa mliokuja kulia nasi, familia inaomba mkae mnavyoweza, msikilize maisha ya fundi saa, ambaye wengi wenu mlimwita Dakika Moja, kwa sababu kila mteja aliyeulizia saa yake alijibiwa "dakika moja tu", na dakika hiyo iliweza kufika wiki mbili.

Alizaliwa alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Februari 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bati iliyotazamana na karakana ya reli, akiwa kitindamimba katika watoto wawili. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, akachapwa viboko mara moja tu, kwa kuifungua saa ya mwalimu mkuu ili aone muda unakaa wapi. Alijifunza ufundi kuanzia 1968 hadi 1971, na tarehe 3 Januari 1972 akafungua kibanda chake kati ya duka la vitambaa na posta, kibanda chembamba ambacho ukipiga chafya unagusa kuta zote.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na mshonaji wa duka lile la vitambaa, wakajaliwa mapacha wa kike tarehe 8 Mei 1978, na mtoto wa kiume tarehe 17 Septemba 1983. Mkewe ndiye aliyempa Biblia, mwaka 1980, yenye herufi ndogo kama ufuta, naye akaisoma kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la wateja, lenzi yake ya kazi ikiwa jichoni, hivyo hakuuona mstari mzima, aliliona neno moja moja, likielea, likimjaa jicho lote, huku saa arobaini ukutani zikitembea kila moja kwa mwendo wake, na mwanga ukipenya kwenye ufa wa mbao na kulala juu ya karatasi, hata asijue kama ni leo au ni zamani zile za mitume. Alisema neno lililoingia asubuhi sharti litoke na miguu kabla jua halijazama. Siku aliposoma habari za mwenye kanzu mbili aligawa sweta, ila ilikuwa sweta ya mkewe, naye mama wa watu akamuuliza kwa upole kama Maandiko yalisema kanzu zako au zangu.

Baba yao alifariki tarehe 11 Juni 1989, akaacha saa ya ukutani, kaka mtu, fundi mwashi, akaichukua kwa kuwa ni mkubwa, mdogo akaidai kwa kuwa ni fundi, yakasemwa maneno makavu mbele ya kaburi bichi, na miaka kumi na mitatu ikapita bila hata salamu. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2003, neno lililojaa lenzi lilikuwa "patana", na baada yake "ndugu yako". Alifunga kibanda, akaenda moja kwa moja, akasema mlangoni, "Kaka, nimekuja tupatane," na kaka akamkumbatia, akamkalisha, machozi yakimtoka, mpaka mdogo alipotoa kalamu na kusema, "Haya, taja bei ya saa, na mimi nitaje yangu." Maisha yake yote, kupatana kulikuwa ni kule kwa dirishani, yeye na mteja. Alitolewa nje, na viatu vyake vikamfuata.

Mkewe aliusoma ukurasa ule bila lenzi, akacheka mpaka akashika meza, kisha akalia. Tangu wiki iliyofuata, kila Alhamisi saa tisa alasiri, marehemu alikwenda bila kalamu, akabisha hodi mara moja, akakaa kwenye ngazi ya kaka yake kwa saa nzima, akauaga mlango uliofungwa kwa heshima zote, akarudi kazini. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na sita, na kaka alikuwa ndani, akimsikia anavyokohoa.

Aliugua moyo kuanzia Aprili 2019, akalazwa tarehe 2 Agosti, katika wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Alhamisi ya tarehe 8 ngazi ilikuwa tupu, na kaka akafungua mlango, akaenda kumuulizia kibandani. Kesho yake alifika wodini, akamkuta mdogo wake katika usingizi usioamshika, akaichukua Biblia pale ilipoishia alama, akaanza kusoma. Kaka huyo ndiye huyu anayewasomea. Fundi saa aliaga dunia siku hiyohiyo, tarehe 9 Agosti, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kidole chake kimoja kikiwa kimesogea, au labda lilikuwa shuka.

Familia inawashukuru madaktari, na hasa muuguzi aliyeleta kiti na kusema, "Baba, soma kwa sauti, masikio ndiyo hulala mwisho," tunawashukuru majirani kwa maji na viti, mafundi wenzake waliofunga vibanda leo, na mjane, aliyenipa karatasi hii wakati ningestahili kufungiwa mlango.

Mdogo wangu, baba alisema saa ile ni yako. Alisema tukiwa wawili tu chumbani, nami nikanyamaza miaka thelathini. Sasa wamesikia wote. Lala kwa amani.