Tiketi ya Kutokea Mlango Mwingine

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi zilizojazwa zege, nje ya kibanda cha fundi viatu, upande wa jengo unaopata kivuli kuanzia saa saba mchana. Hapo ndipo walipokutana kila siku. Alikuwepo Stempu, mzee aliyestaafu posta, ambaye mpaka leo hapokei bahasha bila kuigeuza nyuma na mbele. Alikuwepo Breki, dereva wa teksi, aliyepewa jina hilo kwa tabia yake ya kulisimamisha kila jambo kabla halijafika popote. Na alikuwepo Mama Birika, muuza kahawa, ambaye hakai lakini habari zote zinapita kwake. Fundi mwenyewe walimwita Soli. Yeye alikuwa ndani ya kibanda, mlango wazi, kiatu mapajani, akiwasikia wote na kuwajibu bila kuinua kichwa. Siku hiyo hakutaka hasa kukiinua. Tiketi yake ya ndege, ambayo alikuwa hajailipia, ilikuwa imewekwa akiba kwa wakala upande wa pili wa barabara hadi saa kumi kamili, na saa nane ilikwishapita.

— Haya, isome tena hiyo safari, alisema Stempu. Polepole, mimi nasikiliza.

Soli hakuwa na haja ya karatasi. Miezi mitatu sasa alilala na safari hiyo kichwani.

— Naondoka hapa na ndege ya kwanza. Nashuka njiani, nasubiri masaa kumi na tisa, napanda ya pili. Nikitua, basi masaa tisa mpaka mji wa kuanzia. Hapo nakutana na kaka yangu. Tunatembea na mahujaji wengine siku thelathini na tatu, mpaka kwenye kaburi la mtakatifu wao. Halafu narudi nyumbani.

— Unapandia ndege palepale uliposhukia?

— Hapana. Tiketi inaingilia mji mmoja, inatokea mwingine. Kule mwisho wa njia kuna uwanja wake.

Stempu alimtazama Breki kwa jicho la kumwambia, si nilisema?

— Umesikia hiyo? Anaingilia mlango wa mbele, anatokea wa uani. Mimi nimefanya kazi ya serikali miaka thelathini na moja. Mtu mwenye nia njema anatokea alikoingilia.

— Mzee wangu, nikishatembea mwezi mzima kwenda mbele, nirudi tena nyuma kwa basi ili iweje? Nauli juu ya nauli.

— Sawa. Na kwenda tu, bila kurudi, ni bei gani?

Soli alivuta uzi kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Alijua jibu lake halitapokelewa vizuri.

— Kwenda tu ni ghali kuliko kwenda na kurudi.

Hata Mama Birika alisita, birika likiwa limeinama hewani.

— Rudia hapo, alisema Breki.

— Ndivyo ilivyo. Yule binti wa tiketi pale kwa wakala kanionyesha kwenye kompyuta yake.

— Mimi niko barabarani mwaka wa ishirini na mbili huu. Abiria akiniambia nimpeleke na nimrudishe, na nimtoze pungufu ya kumpeleka tu, namshusha palepale. Hapo kuna kitu, Soli. Wanakuuzia kurudi bure kwa sababu wanajua harudi mtu.

— Eti harudi mtu! Mahujaji wanarudi kila mwaka.

— Umewahi kumwona hata mmoja?

Soli hakuwahi. Akapaka gundi.

— Tena mwezi wenyewe, aliendelea Stempu, akihesabu kwa vidole. Unakwenda wakati msimu wa watu umekwisha. Wenzako wanatoka, wewe unaingia. Kuna nini huko wanachokikimbia?

— Baridi, mzee. Msimu ukiisha bei zinashuka na vitanda vinapatikana.

— Na begi la kilo saba! alidakia Mama Birika. Hilo ndilo linaloninyima raha. Mtu mzima, mwezi na zaidi, kilo saba? Mimi nikienda kumwona dada yangu siku mbili nabeba zaidi ya hapo.

— Begi likizidi linalipiwa kivyake, mama. Halafu nitalibeba mgongoni mwenyewe. Nani atanibebea?

— Kaka yako, si ndiye aliyekuita.

Hapo mazungumzo yakawa yamefika kwa kaka, mahali ambapo tangu mwanzo Soli alijua watafika. Kaka yake aliishi ng'ambo mwaka wa kumi na tisa. Miaka kumi na mmoja ya mwisho hawakuwa wamesemezana, tangu alipokosa kuja kumzika mama yao. Kisha, bila dalili, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu ya Soli: salamu fupi, kukohoa kidogo, na mpango wote wa safari umepangwa kama ratiba ya treni. Aanze na ndege ipi, asubiri wapi, asinunue maji ya uwanjani kwa bei yao ya juu bali abebe chupa tupu akajaze baada ya ukaguzi. Tiketi ajilipie mwenyewe, vitanda vya njiani atalipa kaka. Barua ya mwaliko ikaja, viza ikapatikana. Ila sababu ya kumwita hakuitaja. Mwisho alisema tu, "Njoo tutembee."

— Miaka kumi na mmoja kimya, halafu njoo tutembee, alisema Stempu. Hapana. Mimi bahasha ya namna hiyo nilikuwa naiweka pembeni. Huyo ana mzigo anataka utolewe nje ya nchi. Wewe uso wako ni wa fundi viatu, nani atakukagua? Unaingilia mji mmoja, unatokea mwingine, mzigo umehama. Ndiyo maana ya milango miwili.

— Kwenye begi la kilo saba?

— Mizigo ya siku hizi ni midogo.

Mama Birika alitikisa kichwa. Aliona mambo hayo ni makubwa mno. Yeye alishuku vitu vya karibu.

— Si mzigo. Ni nyumba ya marehemu mama yenu. Iko kwa jina la nani?

— La wote wawili.

— Basi. Siku ya ishirini na kitu, miguu imevimba, njaa inauma, umechoka huna hata nguvu ya kusema hapana, anatoa karatasi: mdogo wangu, weka sahihi hapa. Utaweka! Mimi nikichoka hata mkaa wenye unyevu nanunua.

— Nyumba yenyewe paa limeoza, mama.

— Kiwanja hakiozi.

Hilo lilimchoma Soli, kwa sababu lilikwishampitia kichwani mwenyewe, alfajiri, akiwa amelala chali. Lakini Breki alikuwa ameinuka kutoka kwenye ubao, na Breki hainuki ila ana jambo zito.

— Nyote mmepotea. Jamani, fikirini. Kwa nini atembee naye siku thelathini na tatu? Karatasi inasainiwa kwa dakika moja. Mzigo unatumwa na mtu yeyote. Ni kitu gani kaka anaweza kukipata kwa ndugu wa damu, na si kwa mtu mwingine duniani?

Aliwatazama mmoja mmoja.

— Figo, alisema Breki.

— Eeh!

— Figo! Anamtembeza mwezi mzima ampime pumzi. Akiona mtu anapanda vilima bila kuhema, anajua vyombo vya ndani ni vizima. Mbona na mimi kabla sijanunua injini naiendesha kwanza? Na kule mwisho wa njia, nendeni mkaangalie, patakuwa na hospitali.

— Kila mji una hospitali, Breki.

— Ndiyo maana nasema fikirini vizuri.

Stempu, ambaye dakika tano nyuma aliapa kuwa ni mzigo, alianza kukubali kwa kichwa. Mama Birika akamtazama Soli ubavuni, kama anayepima nguo. Na Soli, jamani, alijikuta mkono umekwenda kiunoni wenyewe. Alicheka, lakini kicheko kilitoka kikavu.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuwaambia. Juma lililopita, alipokuwa amekaa mbele ya yule binti wa tiketi, alimuuliza, kama mtu anayeuliza la kupitisha muda: na mtu wa kule akitaka kuja huku kesho, kwa msiba tuseme, analipa ngapi? Binti alibonyeza, akaigeuza kompyuta amwonyeshe. Soli alidhani amekosea kusoma. Ilikuwa zaidi ya mara nne ya tiketi yake. "Ya ghafla ndivyo ilivyo, baba," binti alisema. "Ya bei nafuu hupangwa miezi kabla." Miaka kumi na mmoja iliyopita kaka yake, aliyekuwa akiosha vyombo mgahawani, alipiga simu akilia, akasema nauli imenishinda. Soli alimjibu mbele ya waombolezaji kwamba mwenye mama hashindwi na nauli, akakata. Tangu aone ile namba kwenye kompyuta, hakuwa amelala vizuri. Kama kaka alisema kweli, basi mkosaji alikuwa nani? Na mtu uliyemkosea hivyo akikuita ghafla njia ndefu isiyo na watu, anakuitia nini? Shaka ya Soli ilikuwa nyeusi kuliko zote za kijiweni. Aliogopa kwamba kaka anamwita amlipizie yale maneno, siku thelathini na tatu, hatua kwa hatua, mahali ambapo hawezi kukata simu.

Saa tisa na nusu muuguzi mmoja alisimama mlangoni, amevaa sare, anachechemea, kiatu kimoja kimefunguka mdomo.

— Fundi, naingia zamu saa kumi na moja. Utaniwahi?

— Kaa hapo, mwanangu. Nivulie.

Akakaa kwenye benchi, mguu mmoja wa soksi. Breki hakuipoteza nafasi.

— Dada, samahani. Figo la ndugu wa damu linapokelewa bila shida, sivyo?

— Linapimwa kwanza, kaka. Si kila ndugu anafaa. Kwani nani anaumwa?

— Kaka yake fundi.

— Si mgonjwa, alisema Soli kutoka ndani.

— Hatujui kama si mgonjwa, alisema Breki.

— Katika ule ujumbe alikohoa, Stempu alikumbusha.

Wakamsimulia yote, wakikatizana: milango miwili, kurudi kwa bei ya bure, kilo saba, nyumba, mzigo, miaka kumi na mmoja. Muuguzi alisikiliza kimya, kama watu wa kazi yake wanavyosikiliza wagonjwa wanaoanzia mbali. Walipomaliza, akamgeukia Soli.

— Na yeye mwenyewe alisema anakuitia nini, ulipomuuliza?

Breki aliketi. Mama Birika akawa anafuta vikombe vilivyokwishafutwa. Wote watatu wakamtazama Soli, naye akatazama kiatu cha muuguzi.

— Sijamuuliza, alisema.

— Miezi mitatu?

— Tumekuwa tunaandikiana mambo ya tiketi tu.

Hakuna aliyemwambia apige. Alikaa hivyo, gundi ikimkaukia kidoleni. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akachukua simu, akaelekea nyuma ya kibanda, kwenye ukuta wa mabati, ambako walijua anasikika hata hivyo.

Simu iliita muda mrefu.

— Mdogo wangu? Tiketi imeharibika?

— Tiketi iko sawa. Kaka, nakuuliza kitu. Unaniitia nini?

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

— Nilidhani hutakuja nikikwambia, kaka alisema. Nimeshaianza njia hiyo mara mbili peke yangu. Siku ya tano au ya sita watu wanaanza kusimuliana mambo yao, wametoka wapi, wamekuwaje. Mimi nanyamaza. Mara zote mbili nikapanda basi nikarudi. Huku nina marafiki, usifikiri sina. Ila hakuna hata mmoja aliyemjua mama. Hakuna anayejua hata jina nililoitwa utotoni. Nikimtaja mama, ni kama nimemtunga.

Soli aliegemea bati. Lilikuwa la moto, hakujali.

— Nauli ile, alisema. Ya msiba. Nimeiona bei yake. Nimeonyeshwa.

— Acha.

— Siachi. Nilikusema vibaya mbele za watu.

— Uliniumiza, kaka alisema, bila kulainisha. Hilo tutalisema tukiwa tunatembea. Si kwa simu.

— Sawa. Tutalisema.

Hakuna kati yao aliyejua namna ya kuaga.

— Una viatu gani? Soli aliuliza mwishoni.

— Nimenunua vipya kwa ajili ya safari.

— Virudishe dukani. Vipya vitakutoa malengelenge siku ya pili. Vaa vile unavyoendea kazini, hata kama vimechoka. Nitakuja na sindano na uzi. Tukikutana, kabla hatujapiga hatua, utanivulia nivitazame.

— Viatu vyangu vya kazi vinatisha, mdogo wangu.

— Vya kutisha ndiyo kazi yangu. Kaa na simu karibu, navuka barabara sasa hivi nikalipie, zimebaki dakika kumi na mbili.