Barua za Bi Nélida Hazichomwi

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha ushauri nasaha cha zahanati yetu hapa Rosario, Bi Nélida Ferrando anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 2024. Uongozi umemchongea bamba la shaba kumshukuru kwa "utumishi uliotukuka". Wiki hiyohiyo, uongozi huohuo umetoa waraka kwamba barua zake zote ziondolewe kwenye mafaili na kuteketezwa. Nimeombwa niandike maneno haya ya kumuaga kwa furaha. Nitajitahidi.

Aliajiriwa Machi 1990, wakati watu waliogopa hata kugusa kikombe cha mwanamume anayependa wanaume. Yeye aliwakaribisha wanaume hao kwa chai yetu ya majani iitwayo mate, kwa mrija uleule mmoja, kama tunywavyo sote, na aliyefuata kunyonya baada ya mgeni alikuwa yeye mwenyewe. Wauguzi wawili walisusa. "Vizuri, itabaki nyingi," aliwaambia, akaongeza maji ya moto.

Washauri wengine waliwauliza wanaume hao wameharibikiwa wapi. Bi Nélida alilitoa tatizo ndani ya mtu, akalihoji tatizo lenyewe. Damián Oviedo, mwoka mikate, ambaye ameniruhusu nimtaje, alifika mwaka 2003 akisema yeye ni aibu tupu. Aliombwa aipe hiyo aibu jina. Akaiita Mlinzi, maana ilimfuata kazini, kanisani, hadi mezani kwa mama yake. Ndipo wakaanza kuulizana: nani alimwajiri huyu Mlinzi, na nani aliamua kwamba wanaume wanaopenda wanawake ndio kipimo cha mtu? Maswali hayo Bi Nélida aliyapata kwenye vitabu vizito vya nadharia, akayauliza kwa maneno ambayo mwoka mikate hahitaji kamusi kuyaelewa.

Baada ya kila kikao alimwandikia mtu barua, nakala moja ya mwenyewe, nyingine ya faili. Msidhani hakukosea. Barua ya kwanza ya Damián ilimsifu kwa ushujaa kurasa mbili nzima. Damián aliisoma palepale, akaomba kalamu.

"Bi Nélida, huyu shujaa ni wa kwako," alimwambia. "Mimi nilikuwa naogopa tu, ila nilikuja."

Akafuta mistari sita. Tangu hapo hakuna barua iliyoingia kwenye faili kabla mwenyewe hajaisahihisha.

Hizo ndizo barua ambazo waraka unaziita "maandishi yasiyo ya kitaalamu". Mahali pake inakuja fomu yenye kisanduku cha "chanzo cha kasoro". Kasoro, mwaka huu! Nimekasirika, na sioni kwa nini nifiche. Walijua hatakijaza kisanduku hicho kwa mkono wake, ndiyo maana wakangoja astaafu.

Jumanne tuliwapigia simu wenye barua. Walijaa ukumbini, kila mmoja akachukua nakala yake ya faili, na mkurugenzi akabaki amesimama mlangoni na waraka wake. Damián aliomba aione hiyo fomu mpya. Kwenye kisanduku cha chanzo cha kasoro aliandika, "Waulizeni walioandika fomu," akatia sahihi, akamkabidhi mkurugenzi.

Bi Nélida, asante kwa kila barua. Tunakuombea siku ndefu, tulivu, zenye usingizi wa mchana. Jumatatu nitakaa mimi kwenye kiti chako. Fomu nimeletewa mia mbili, na kisanduku kile sitakijaza hata kwenye moja.