Mkufu wa Harusi wa Seleyian

Sogeeni hapa kitandani, wanangu Morgan na Whitney, na mzime simu, kwa sababu pumzi niliyo nayo sitaitumia mara mbili.

Morgan, karakana yangu ya shanga haiuzwi. Najua ulileta mtu wa kupima ploti mimi nikiwa hospitalini. Mwambie arudi na kamba yake. Nyumba hii ni yako, inakutosha. Karakana ilikuwa ya Whitney, na sikilizeni vizuri, nimesema ilikuwa.

Whitney, usilie, bado sijaanza. Sijawahi kukukataza kuchota mawazo kwa watu wa kale wala wa leo. Ulipoona michoro ya mwambani ukaifanya hereni, nilikusifu; ulipochukua rangi za kuta za mtaani ukazitia kwenye koti, vifungo nilishona mimi. Hata mimi, binti wa Bungoma, shanga nilifunzwa na Seleyian huyu, Mmaasai, aliyekaa hapo mlangoni, nikatengeneza zangu kwa vioo vya chupa. Lakini kuangalia ni kitu kimoja, kukata ni kingine. Seleyian alileta mkufu wake wa harusi tubadilishe waya ulioliwa na kutu. Wewe ukaufumua, ukapanga rangi upya, ukazishona shanga zake kwenye gauni la maonyesho, kisha ukaniambia, "Mathe, tulia, nimeupa tu laifu mpya." Laifu mpya! Nani alikuambia ulikuwa umekufa? Rangi zile zilipangwa na mama yake, na yule mama hayupo tena wa kuulizwa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu. Ulisimama uchi mbele ya watu, ukadhani makofi ni sifa.

Basi funguo za karakana nimempa Seleyian. Utalifumua gauni lako, uende kwake Kisaju, ukae chini, si kwenye kiti, uushone mkufu upya, shanga moja moja, vile atakavyokumbuka, na akisema fumua, utafumua. Akiridhika, atakupa funguo. Asiporidhika, karakana ni yake, na wewe Morgan usithubutu kumpeleka kwa chifu.

Mnizike bila urembo wowote shingoni. Maji... kidogo tu.

Mnangoja baraka. Morgan, Mungu akupe... akupe kuona haya. Whitney, yako sikupi hapa. Nimeiacha mwisho wa ule waya wa mkufu. Ukifika... utaikuta.

Seleyian, zishike funguo. Usimwonee huruma... kwa ajili yangu.